Mnauliza Kisanduku Cheusi Tena?

Tangu ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Diani kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara, ianguke Kwale tarehe 28 Oktoba 2025 na kuua wote 11 waliokuwamo, maswali hayakatiki. Najibu machache.

Mbona hatuambiwi kisanduku cheusi kimesema nini?
Jamani, tena? Kwa kawaida kanuni za kimataifa hudai vinasa hivyo vya sauti na mwenendo wa ndege kwa ndege inayozidi kilo 5,700 inaporuka. Caravan haifiki 4,000. Hapo wachunguzi hutegemea jinsi panga za propela zilivyopinda, mafuta, vitabu vya matengenezo, rada na mazungumzo ya rubani na waongozaji. Kwa hiyo wewe unayeokota bati ukauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, unaiba ushahidi. Na mwenye simu, mpishe mchunguzi kwanza.

Rubani alikosea?
Subiri ripoti. Mlishamhukumu kwenye WhatsApp moto haujazimika, na marehemu hajitetei.

Kwa nini Wamarekani wahusishwe?
Ndege ya aina hiyo huundwa kwao, na injini ya aina hiyo hutoka Kanada. Nchi iliyosanifu au kuunda ina haki ya kutuma mwakilishi. Uchunguzi unabaki wa Kenya.

Ripoti ya siku 30 haisemi chanzo. Wanaficha?
Hiyo ni ya awali. Kazi yake ni kueleza kilichotokea. Ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na ikichelewa, itolewe taarifa kila mwaka unapotimia. Kelele zenu zipigeni hapo, maana mwezi wa pili hakuna anayeuliza tena. Mnaikumbuka Caravan ya Kitale kwenda Nairobi, 5 Juni 2018? Ilipiga Aberdare, wakafa 10, mabaki yakaonekana siku mbili baadaye. Safu ile ina kilele cha futi 13,000 na ushee, na mawingu huifunika vizuri tu. Halafu abiria anamnunia rubani kwa sababu ameambiwa asubiri hali ya hewa itulie, eti chakula cha mchana kinamngoja kambini! Kunywa chai, keti.

Ripoti itatusaidia kushtaki kampuni?
Haiandikwi kwa ajili hiyo. Inaandikwa ili ajali nyingine isitokee. Fidia, tafuta wakili.

Kiti gani ni salama zaidi?
Chochote, mkanda ukiwa umefungwa mpaka injini izimwe. Wengi mnaufungua magurudumu yakigusa tu.