Kikosi cha Moto? Tafuta mwenye ufagio kwanza

Mkuu, futa Moltres kwenye kikosi chako cha Pokémon. Najua sijakusalimia, tutasalimiana baadaye. Futa Moltres kwanza halafu rudi usome.

Umeandika kwamba Jumamosi unaingia mashindano ya aina moja, yaani Pokémon wote sita wawe wa aina ile ile, umechagua Moto, na kikosi chako ni Charizard, Volcarona, Moltres, Ceruledge, Armarouge na Ninetales. Umeuliza nani aanze, nani wa kuleta jua kati ya Ninetales na Torkoal, EV (pointi za kuongeza uwezo, damu ikiwemo) za Volcarona uzigaweje, na ukipangiwa mtu wa Maji ufanyeje. Maswali mazuri, ila hakuna hata moja la haraka, maana katika hao sita hakuna uliyempa kazi ya kuondoa mawe. Nilivyoiona hiyo orodha tumbo lilinikata. Ni kikosi changu kile kile cha zamani, umekipaka rangi tu.

Kwa wasiojua tunazungumzia nini: Stealth Rock ni mbinu iliyokuja na michezo ya Diamond na Pearl mwaka 2006. Mtu anaiweka mara moja tu, kisha kila Pokémon wako anayeingia uwanjani anachubuliwa na mawe kabla hajafanya lolote, na kiasi anachopoteza kinategemea udhaifu wake kwa aina ya Mwamba. Wa kawaida hupoteza asilimia 12.5 ya damu. Anayeumia mara mbili hupoteza 25. Anayeumia mara nne, kama Moto na Kuruka kwa pamoja, au Moto na Mdudu kwa pamoja, hupoteza 50. Nusu ya damu kwa kosa la kuingia mlangoni tu.

Sasa chukua kalamu. Charizard 50, Volcarona 50, Moltres 50, hao wengine watatu 25 kila mmoja. Jumla 225 kati ya 600. Kila mmoja akiingia mara moja tu, umeshatoa zaidi ya theluthi ya damu ya kikosi kizima na mpinzani hajakugusa. Changu kilikuwa kibaya zaidi: Charizard, Volcarona, Moltres, Talonflame, Houndoom na Infernape. Piga hesabu, inakuja 237.5. Nilikuwa na hiyo kalamu na sikuipiga.

Ilikuwa kizazi cha 7 cha michezo hii, mashindano ya watu 16 wa grupu letu la WhatsApp, tunapigana kwenye tovuti ya Pokémon Showdown kwa simu, kiingilio buku tano. Pesa ndogo, lakini nilikuwa nimejitangaza wiki nzima. Nilibadilisha hadi picha yangu ya WhatsApp nikaweka Charizard. Mtu mzima mimi, mwenye kazi.

Raundi ya kwanza nikamfagia mtu wa Majani, kazi ambayo hata mtoto angeiweza. Raundi ya pili nikapangiwa mtu wa Chuma. Nikacheka kwa sauti kwenye daladala. Moto dhidi ya Chuma! Nikaandika kwenye grupu, "Poleni wahunzi." Ile meseji ipo mpaka leo, kuna watu wameihifadhi na hunitumia kila nikipata siku njema.

Akaanza na Skarmory, mimi nikaanza na Charizard. Fire Blast, ikampata. Ila Skarmory ana kipaji cha Sturdy: akiwa na damu kamili, pigo moja haliwezi kumuua, anabaki na damu 1. Akabaki na hiyo 1, akaweka Stealth Rock. Zamu iliyofuata nikamuua. Yaani nilidhani nimeshinda biashara, mmoja kwa bure. Kumbe yule Skarmory alishamaliza kazi aliyotumwa, alikuwa anasubiri kufa tu.

Akaingia Heatran. Mimi nikaona Chuma, nikabonyeza moto. Heatran ana Flash Fire, moto haumgusi kabisa, unampa nguvu. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Kulijua jambo ukiwa kitandani na kulikumbuka ukiwa na presha ni vitu viwili tofauti. Akanitilia sumu, nikamtoa Charizard, nikamwingiza Infernape ambaye mawe humchubua kidogo tu, na Close Combat ikamlaza Heatran. Sita kwa wanne. Naongoza. Kijasho hakuna.

Halafu akaingia Excadrill.

Huyu alikuwa amevaa Choice Scarf, inayompa kasi mara moja na nusu lakini inamfunga kwenye pigo moja hadi atoke. Infernape akamtangulia kwa Mach Punch, pigo linalowahi hata kwa mwenye kasi zaidi, akamshusha mpaka robo ya damu. Excadrill akajibu kwa Rock Slide, Infernape chali. Hapo ndipo nilipofurahi kuliko siku zote za maisha yangu, maana nilikuwa na Talonflame. Talonflame ana Gale Wings: mapigo yake ya Kuruka hutangulia yote, Scarf au hakuna Scarf. Brave Bird moja, hata kama Chuma huipunguza nusu, ingetosha kummalizia mwenye robo.

Nikamwingiza. Mawe yakamla nusu.

Na tangu kizazi cha 7, Gale Wings hufanya kazi damu ikiwa kamili tu.

Nilisoma ile skrini mara mbili. Excadrill ametangulia. Rock Slide. Talonflame chali. Volcarona akaingia, nusu, Rock Slide, chali. Moltres, nusu, Rock Slide, chali. Houndoom, chali. Charizard akarudi na sumu yake, akaingia amebaki mfupa, chali. Rock Slide ina uhakika wa asilimia 90, na mimi nilikuwa nimekaa naomba ikose mara moja tu. Ilipiga mara sita mfululizo. Excadrill mmoja mwenye robo ya damu aliwazika wote sita, na jamaa hakubadilisha hata kitufe. Nina hakika alikuwa anakula huku anacheza.

Halafu niwaambie kilichoniuma zaidi. Siku mbili kabla, kikosi changu kilikuwa na Torkoal. Torkoal ana Rapid Spin, anazunguka mara moja mawe yote yanaondoka upande wako. Na Infernape wangu alikuwa na Taunt, ambayo ingemzuia Skarmory asiweke mawe kabisa: Infernape ana kasi kuliko Skarmory, ningeanza naye, Taunt, kwisha habari. Vyote viwili nilivitoa mwenyewe kwa mikono yangu. Torkoal nikampisha Moltres, Taunt nikaipisha pigo jingine.

Kwa nini? Kwa sababu ya jamaa mmoja wa video. Simtaji, hapati matangazo ya bure kutoka kwangu. Alikaa dakika 20 na taa zake za rangi nyuma anatueleza kwamba mechi za aina moja ni fupi, kufagia mawe ni kupoteza zamu, na Moto "hauhitaji kujilinda, unachoma tu". Unachoma tu! Nilikwenda kumwandikia chini ya video yake kistaarabu kabisa (kistaarabu kwa kiwango changu), akanijibu kwa kikaragosi cha kucheka. Baadaye nikagundua mechi zote alizoonyesha alikuwa anapigana na watu ambao hawakuweka mawe kabisa. Hata mimi ningekuwa bingwa wa kuogelea kama bwawa lingekuwa halina maji.

Sasa wewe umeandika, "nitawavalisha viatu wote watatu wanaoumia." Nilijua utasema viatu. Sawa, Heavy-Duty Boots zipo tangu Sword na Shield, 2019, na zinafanya kazi: aliyevaa hachubuliwi. Lakini ukikutana na kikosi cha Giza, karibu kila mmoja anaweza kuwa na Knock Off, na hiyo humvua mtu viatu hadi mwisho wa mechi. Charizard aliyevuliwa viatu ni yule yule wa 2006. Isitoshe, kila mwenye viatu amekosa kifaa kingine, na hapo hapo unataka Volcarona apate nafasi ya kucheza Quiver Dance ajiongezee nguvu na kasi. Viatu ni mwavuli. Mimi nazungumzia paa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: ukichagua aina inayoumizwa na Mwamba, iwe Moto, Kuruka, Barafu au Mdudu, jina la kwanza kuandika kwenye karatasi ni la mwenye ufagio. Kabla ya kipenzi chako. Kabla ya yule mwenye picha nzuri. Kwa Moto una Torkoal na Rapid Spin, una Talonflame na Defog ambayo nayo hupeperusha mawe, una Cinderace na Court Change ambayo haifagii bali inahamishia mawe upande wa aliyeyaweka. Hiyo ya mwisho ina raha yake, nakuachia uijaribu mwenyewe.

Angalia tu kwamba Rapid Spin haimgusi Mzimu. Na kama sheria zenu zimemruhusu Gholdengo, yule wa 2022, huyo ni Chuma na Mzimu pamoja: Rapid Spin inampita, na Defog anaikataa kwa kipaji chake. Ukimwona kwenye orodha ya mpinzani, muue kabla ya kufikiria usafi. Moto unamuumiza mara mbili, kwa hiyo hapo huna kisingizio.

Mtoe Moltres, weka Torkoal. Jua utalipata kwake huyo huyo, maana ana Drought, hivyo Ninetales naye anakuwa hana kazi na umepata nafasi ya bure. Hilo limejibu swali lako la pili bila mimi kukusudia. La Maji pia kidogo: jua linapunguza mapigo ya Maji kwa nusu, na Torkoal ana kasi ya kobe kwelikweli, kwa hiyo akianza sambamba na Pelipper, yule wa Maji anayeleta mvua, mvua inatangulia kushuka na jua lake ndilo linalobaki. Pelipper akitoka na kurudi, mvua inarudi naye. Hapo utajua mwenyewe.

Na kama unaogopa kwamba Torkoal ataharibu "umoto" wa kikosi, kumbuka Flint wa Diamond na Pearl, bingwa wa Moto kati ya wale Wanne (Elite Four) unaopigana nao mwishoni mwa mchezo. Alikuja na Pokémon watano, wa Moto wakiwa wawili tu, Rapidash na Infernape. Wengine walikuwa Steelix, Drifblim na Lopunny. Sungura! Jumamosi mwamuzi wenu angemrudisha nyumbani. Walimrekebishia kikosi kwenye toleo la Platinum, ila mimi sijasahau.

EV za Volcarona sikumbuki uliandika unataka nini hasa. Nakupa kitu kimoja tu: kwa yeyote anayeumia mara nne, hakikisha damu yake ni namba witiri. Charizard wa damu 297 akiingia kwenye mawe anapoteza 148, akiingia tena anapoteza 148, anabaki na 1 na bado anaweza kupiga. Akiwa na 298 anakufa mlangoni mara ya pili. Ile 1 nimeiota mara nyingi.

Nani aanze, wengine watakujibu. Ukishabadilisha, weka orodha mpya hapa kabla ya Ijumaa usiku. Nikimkuta Moltres bado yupo, mimi kwenye huu uzi sirudi.