Weka kamera ionyeshe na miguu

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa mazungumzo, mimi niliharibu mwanzo kabisa, kwenye kuweka kamera. Nilirekodi tabibu na wagonjwa wake kwa wiki mbili katika zahanati moja ya kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Dodoma mjini, kamera ikichukua nyuso tu. Niliporudi na kuanza kunukuu, yaani kuandika yote yaliyosemwa, nikakutana na maneno ya bibi mmoja: "Linaanzia hapa, linakuja huku, likifika hapa ndo linafanya hivi." Hapa wapi? Hivi vipi? Mkono ulikuwa chini ya meza, nje ya picha. Kiswahili chetu kimejaa maneno ya aina hiyo, na kila moja ni kibuyu kitupu mpaka kidole kikijaze. Kazi nikairudia upya. Bibi yule sikumpata tena.

Kwa hiyo kamera iwekwe kwenye kona, iwachukue wote wawili, tabibu na mgonjwa, kuanzia unyayo hadi utosi, pamoja na meza na vilivyo juu yake: cheti, kadi ya bima, simu, kompyuta. Miguu ndiyo inayodharauliwa na wengi. Mwaka 1998 mtafiti wa mazungumzo Mmarekani, Emanuel Schegloff, aliandika kuhusu mwili unaojinyonga: kichwa na mabega vimegeukia huku, nyonga na miguu vimebaki kule. Alisema sehemu ya chini ndiyo inayoonyesha shughuli inayodumu, na ya juu inaonyesha ya kupita tu. Niliposoma hayo nikarudi kumtazama tabibu wangu akijaza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Alikuwa anawageukia kwa shingo, magoti yameelekea mezani. Nao walimjibu kwa neno moja moja: "ndiyo", "tangu juzi", "kidogo". Mama mmoja alijibu hivyo mara tano. Tabibu aliposukuma kiti na kugeuka mzimamzima, bila kuuliza swali lolote jipya, yule mama akaanza kueleza kwamba zile dawa za mwezi uliopita hakuzimaliza.

Sauti nayo ina vituko vyake. Upepo wa Dodoma ukigonga mabati, na feni ikizunguka juu, maikrofoni ya kamera haikusaidii. Weka kinasa sauti kingine mezani, kisha piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye uoanishe picha na sauti.

Kwenye kunukuu, wengi tunafundishwa alama za Gail Jefferson, mmoja wa waanzilishi wa utafiti huu: mabano ya mraba pale watu wanapozungumza kwa pamoja, ukimya unapimwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Ni alama nzuri, zitumieni. Ila msimalize maneno yote kwanza ndipo mrudi kubandika macho na mikono kama anayenyunyizia chumvi chakula kilichokwisha kuiva. Chukua sekunde 20 tu. Mstari wa maneno, chini yake mstari wa macho, chini yake mikono, kwa kila mtu. Programu ya ELAN, inayokuwezesha kuandika mistari hiyo chini ya video, ni ya bure na inafaa sana kwa kazi hiyo. Sekunde 20 za kwanza zilinila siku nzima, na sijutii.

Nieleze kwa nini. Mzee mmoja alisema, "Usiku hu-, usiku huwa silali." Katika nakala yangu ya kwanza niliandika kwamba amekwama. Nilipoweka mstari wa macho, nikaona kwamba kwenye "hu-" tabibu alikuwa anatafuta kalamu, na alipoinua uso ndipo mzee akaanza upya. Hakukwama, alikuwa anamsubiri msikilizaji wake. Mtafiti Charles Goodwin alikwisha kuonyesha jambo hilo kwa mazungumzo ya Wamarekani, na mwenzake Christian Heath akaonyesha huko Uingereza jinsi wagonjwa wanavyotumia mwili kumrudisha daktari aliyezama kwenye makaratasi. Kumbe na kwetu lipo.

Lakini hapo hapo nikateleza. Binti mmoja alikaa mbele ya tabibu mtu mzima, macho chini muda wote. Nikaandika: "anaona aibu". Msimamizi wangu akapiga mstari mwekundu na kuuliza neno moja, "Umejuaje?" Sikuwa na jibu. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu, na kuinamisha huko hakumaanishi hasikilizi. Tazama mwenzake anafanya nini baada ya hapo. Tabibu yule hakurudia swali wala hakupandisha sauti, alisubiri, na binti akajibu akiwa bado anatazama sakafu. Ushahidi ni huo. Hayo mengine ni mawazo yangu mimi.

Msiruke maamkizi pia, eti si sehemu ya matibabu. Katika "shikamoo" moja nilikuta goti lililokunjwa kidogo, kadi iliyotolewa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, na "marahaba" iliyotoka wakati kadi inapokelewa. Mambo mawili yalimalizika kwa pumzi moja. Bibi mwingine alianza kwa "mbukwa", muuguzi hakujua Kigogo, akaitika kwa kichwa na kumvutia kiti.

Vibali: barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, halafu kwa Mganga Mkuu wa wilaya. Anzeni mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na video ya mgonjwa si picha ya harusi. Mgonjwa akienda kitandani kupimwa, zima kamera. Ridhaa ombeni mara mbili, kabla na baada, kwa sababu mtu anapoingia hajui bado atasema nini.

Ni kwenye ile ridhaa ya pili mzee wa usingizi aliomba ajione. Nikamwonyesha mpaka mwisho. Akacheka: "Kumbe nimeshainuka hata hajaniaga!" Alipoondoka nikairudisha nyuma taratibu. Magoti yake yalianza kunyooka pale tabibu alipofunika kalamu.