Jibu: Kwa nini mawakili wakongwe wa Uganda walisomea Dar es Salaam?

Ndugu, umeuliza kwa nini mawakili wetu wa zamani walisomea sheria Dar es Salaam ilhali Makerere ilikuwapo. Sababu ni mgawanyo wa kazi: katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi uhandisi, na Dar es Salaam sheria. Kitivo hicho cha sheria kilikuwa kimeanza mapema zaidi, Oktoba 1961, na wanafunzi wasiofika 20, wakisomea katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani, eneo la chuo nje kidogo ya katikati ya jiji, mwaka 1964. Kabla ya kitivo hicho kuanza, aliyetaka uwakili kwa kawaida alilazimika kwenda London, gharama ambayo wazazi wachache waliimudu.

Miongoni mwa Waganda waliopita hapo ni Benjamin Odoki, aliyehitimu mwaka 1969, akaongoza tume iliyokusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya Katiba ya 1995, kisha akawa Jaji Mkuu kuanzia 2001 hadi 2013. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, naye ni wa hapo hapo. Chuo hicho cha pamoja kilivunjwa mwaka 1970, na Makerere ikawa na kitivo chake yenyewe cha sheria.