Simu inionye, lakini isinitaje

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ungekubali simu yako ikuonye kwamba umekaa karibu na mtu mwenye virusi, au hiyo ni njia ya kufuatilia watu?" Mimi nakubali, kwa sharti moja: niambiwe kwanza ni nani anayeweza kuisoma orodha ya waliokaribiana. Programu nyingi za aina hii zilizotoka mwaka 2020, wakati wa korona, zilifanana kwa sura na kwa ahadi, lakini katika swali hilo zilitofautiana kama mchana na usiku.

Nianze na mfumo ambao ningeukubali. Aprili 10, 2020, Apple na Google walitangaza kwamba wataunda mfumo wa pamoja, na Mei 20 ukawa tayari kwa iPhone zenye iOS 13.5 na simu za Android kuanzia toleo la 6. Mpango wake ulikuwa huu: kila siku simu hujitungia ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya kubahatisha, wa baiti 16. Kutokana na ufunguo huo hupatikana vitambulisho 144, kimoja kwa kila dakika 10 za siku, na kwa asiye na ufunguo ni namba za ovyo tu zisizo na uhusiano. Simu hukirusha kitambulisho cha wakati huo kwa Bluetooth mara nne au tano kwa sekunde. Simu za jirani husikiliza kwa vipindi vifupi kila baada ya dakika chache, zikahifadhi namba zilizosikia na nguvu ya mawimbi. Baada ya siku 14 kumbukumbu hizo hufutwa. Funguo zote za wiki mbili ni baiti 224; zinaenea ndani ya SMS mbili na nafasi ikabaki.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Anwani ya Bluetooth ya simu hubadilishwa sambamba na kitambulisho, kila dakika 10 hadi 20. Kingebadilika kimoja na kingine kikabaki, msikilizaji angeviunganisha. Ni sawa na mtu kubadili kanzu huku kilemba ni kilekile.

Mtu akipimwa na kukutwa na virusi, mamlaka ya afya humpa msimbo wa kuingiza kwenye programu. Msimbo huo ni kizuizi dhidi ya wachokozi, maana bila huo mtu yeyote angeweza kujitangaza mgonjwa na kutia hofu mtaa mzima. Akikubali, funguo zake za siku zilizopita hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Simu nyingine zote hushusha funguo hizo, huzigeuza tena kuwa vitambulisho, kisha kila moja hulinganisha na ilivyovisikia yenyewe. Ulinganisho hufanyika mfukoni mwako. Seva inajua tu kwamba kuna funguo za wagonjwa. Haijui nani alikaa na nani.

Upande wa pili ni Singapore. TraceTogether, programu ya serikali ya huko iliyotoka Machi 2020, ilisajili namba ya simu ya mtumiaji, na ingawa kumbukumbu zilikaa ndani ya simu hadi zihitajike, uwezo wa kuzifumbua ulikuwa kwa wizara ya afya. Wananchi waliambiwa ni kwa ajili ya korona tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuzitumia katika upelelezi wa jinai, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kubana matumizi hayo kwenye makundi saba ya makosa makubwa. Ujerumani nako, polisi wa Mainz walipata mwishoni mwa 2021 taarifa za watu 21 kupitia Luca, programu ya kujiandikisha kwenye migahawa, walipokuwa wakichunguza kifo, ingawa sheria ilikataza. Sidhani kwamba kuna aliyekaa akapanga hila tangu mwanzo. Orodha inayoweza kusomwa huvutia wasomaji, na mwenye dharura siku zote huona dharura yake ndiyo halali.

Sasa nitoboe na huu mfumo wa Apple na Google ninaousifu, kwa sababu nao una matundu yake.

Aprili 2021 watafiti wa AppCensus, kampuni inayopima faragha ya programu, walionyesha kwamba Android ilikuwa ikiandika vitambulisho hivyo kwenye kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo programu zilizowekwa na mtengenezaji wa simu kabla hujainunua zinaweza kuchungulia. Hesabu za siri zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la kawaida kabisa, la mhandisi kuacha daftari wazi mezani. Uholanzi ilisimamisha tahadhari zake kwa saa 48 hadi Google irekebishe. Kabla ya hapo, Julai 2020, watafiti wa Trinity College Dublin walikuwa wamegundua kwamba programu zenyewe za afya zilikuwa na adabu, ila huduma za Google Play zilizozibeba ziliwasiliana na seva za Google takriban kila dakika 20, zikipeleka hata namba ya utambulisho ya simu. Kwa hiyo anayekataa programu ya afya kwa kuogopa kufuatiliwa, huku simu yenyewe ni ileile, amefunga dirisha na kuacha mlango.

Tundu jingine ni la ufunguo ukishatangazwa. Vitambulisho vyote vya mgonjwa vya siku ile sasa vinaunganika, hivyo mtu aliyetega vipokezi vya Bluetooth sehemu nyingi anaweza kuchora njia aliyopita. Hili linamgusa aliyejitangaza tu, si kila mtumiaji, lakini ndilo gharama halisi ya kubonyeza "kubali". Na kuna kubashiri kusikohitaji kifaa chochote: tahadhari ikikuonyesha kuwa ilikuwa Jumanne, nawe Jumanne ulikaa na mtu mmoja tu, umeshamjua. Hakuna hesabu ya kuzuia hilo. Programu makini ziliziba pia tundu la mtandao: simu za wazima hutuma mara kwa mara mizigo bandia inayofanana na ya wagonjwa, ili anayetazama mawasiliano asijue nani kapeleka funguo za kweli. Ujerumani na Uswisi walifanya hivyo.

Lililowatia watu wengi shaka ni swichi ya mahali (Location), ile inayoiruhusu simu kujua ulipo. Kwenye Android hadi toleo la 10, mfumo haukusikiliza Bluetooth mpaka swichi hiyo iwashwe, kwa kuwa programu inayosikia vifaa vya karibu inaweza kukisia ulipo. Tahadhari yenyewe haikusoma GPS, na masharti ya Apple na Google yalikataza programu hizo kuomba ruhusa ya mahali. Ila swichi ikiwaka, inawaka kwa programu zote zenye ruhusa. Dawa yake ni kuiacha ikiwaka, ukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, na kuinyang'anya ruhusa ya mahali kila programu isiyoihitaji: mchezo, tochi, kamera ya urembo. Kuanzia Android 11 sharti hilo liliondolewa kwa tahadhari hizi.

Kuhusu usahihi nitasema kwa ufupi, maana ni habari ya faragha pia: tahadhari ya uongo inakufungia nyumbani bure. Bluetooth haipimi umbali. Inapima jinsi mawimbi yalivyodhoofika, na mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyanyonya. Simu iliyo mfuko wa nyuma inaweza kuonekana iko mbali wakati mko meza moja. Ndani ya behewa la chuma mawimbi hugonga kuta na kurudi, vipimo vikavurugika. Ukuta mwembamba nao hauzuii kitu, hivyo jirani wa chumba cha pili anahesabiwa kama aliyekaa nawe. Julai 2021 Uingereza na Wales zilitoa tahadhari zaidi ya 600,000 kwa wiki moja, kiasi cha maduka na viwanda kukosa wafanyakazi, na watu wakaanza kuifuta programu. Agosti 2 ikapunguzwa: kwa mgonjwa asiye na dalili, waliotafutwa ni wa siku mbili kabla ya kipimo badala ya tano. Hata hivyo programu hiyohiyo, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la kisayansi la Nature, iliepusha maambukizi kati ya 284,000 na 594,000 katika miezi yake mitatu ya kwanza, kutegemea njia ya hesabu. Si haba.

Ikitokea programu nyingine kesho, kabla ya kuikubali fungua orodha ya ruhusa zake. Ikiomba mahali, anwani za marafiki au namba ya simu, acha. Tafuta kama msimbo wake wa programu (source code), yaani maandishi yaliyoiunda, umewekwa wazi. Huhitaji kuusoma wewe, inatosha wenye macho makali wawe wanaweza. Uliza tarehe ya kufungwa iko kwenye sheria au kwenye tangazo tu. Mwezi Aprili 2021 Apple na Google walizuia sasisho la programu ya Uingereza kwa sababu lingepeleka kwenye seva maeneo aliyotembelea mgonjwa. Nilipenda matokeo, sikupenda aliyeyaleta: kampuni mbili zilifanya kazi ambayo ingefanywa na bunge.

Jambo la mwisho, kwa wanaopokea simu. Mfuatiliaji wa afya anaweza kukupigia kwa sababu mgonjwa amekutaja kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo ana haki. Lakini akikwambia kwamba "mfumo wa Bluetooth umetuonyesha wewe", kisha akaomba namba ya kitambulisho au malipo ya kipimo, kata. Katika mfumo nilioueleza, tahadhari inatokea kwenye kioo cha simu yako tu, na hakuna seva yenye namba yako ya kupigia.