Bunju wa mwanangu nimweke wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni, Mombasa. Mwanangu ana miaka 11. Mwezi uliopita alifuatana na mjomba wake kuwatazama wavuvi wakichambua nyavu kwenye Hori la Mtwapa, akamwona bunju ametupwa mchangani, amefura kama mpira. Akamsukuma kwa kijiti mpaka majini, na tangu siku hiyo hana habari nyingine ila bunju. Mvuvi mmoja amemwahidi kumletea kitoto cha bunju Jumamosi. Nimeshanunua tangi la kioo la mtumba, urefu futi 3, upana na kina futi moja na nusu, na pampu ya hewa. Nimeliweka juu ya kabati la televisheni karibu na dirisha. Aliyeniuzia anasema nijaze maji ya bahari asubuhi, samaki nimtie jioni. Je, ni sawa? Na kuna kingine cha kununua?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwanza mpigie simu yule mvuvi, mwambie asilete samaki Jumamosi. Mtoto atanuna, lakini ukimtia bunju jioni katika maji uliyojaza asubuhi, kuna hatari kubwa utamzika kabla ya mwezi kwisha, na mtoto aliyemwokoa mmoja mchangani asifundishwe kumuua mwingine sebuleni.

Nina sababu mbili za kusema hivyo, na ya kwanza ni bunju mwenyewe. Nilizamia miaka 19 katika miamba ya kusini, kuanzia Diani hadi Shimoni, nikikamata samaki wa mapambo kwa wavu wa mkono, na bunju nimewajua kwa sura zao. Kitoto kinachonaswa horini, penye mikoko na nyasi za bahari, mara nyingi ni yule mwenye madoa meupe mgongoni na michirizi tumboni. Leo ana urefu wa kidole. Akikua anafika nusu mita. Tangi lako linabeba lita 190 hivi, naye anahitaji lita 700 na zaidi, na hata humo ataishi kwa kuvumilia. Huyo mwacheni horini.

Anayefaa tangi lako yuko mwambani. Ni bunju mdogo mweupe mwenye mabaka manne meusi yaliyokaa mgongoni kama matandiko ya punda, na mkia wa manjano. Jina lake la kitaalamu ni Canthigaster valentini; liandike kwenye karatasi umwoneshe muuzaji. Hazidi sentimita 11. Mtazame mwanao aone anavyozungusha macho, kila jicho kwa upande wake, na anavyokuja mbele ya kioo mtu akipita. Akishakuzoea atakujua wewe unayemlisha. Hapa pia muwe na macho, kwa maana yupo samaki mwingine, jamaa ya kikande, anayemwiga bunju huyu kwa rangi na mabaka yote ili maadui wamwogope kwa sumu asiyokuwa nayo. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda nao mashuani wawili nikidhani nimekamata bunju. Tofauti iko kwenye mapezi: ya mwigaji, la mgongoni na la chini, ni marefu yamefuata mwili, ya bunju ni mafupi yamejikusanya karibu na mkia.

Sababu ya pili ni maji. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa kinyesi. Baharini hiyo amonia inapotelea mbali. Tangini inabaki naye, na ni sumu. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa juu ya mawe, mchanga na sponji ya kichujio: kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuistahimili ikiwa kidogo. Makundi hayo hayanunuliwi na tangi. Yanajijenga yenyewe kwa wiki 4 hadi 6, na muda huo tangi halina samaki hata mmoja.

Basi fanya hivi. Ondoa tangi juu ya kabati la televisheni leo hii. Lita 190 za maji ya bahari ni karibu kilo 195, bado hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Mwambie fundi akutengenezee stendi ya chuma au ya mbao ngumu, iwe sawasawa kabisa sakafuni, na uiweke mbali na dirisha. Jua la asubuhi peke yake linatosha kugeuza kioo kuwa kijani na maji kuwa moto.

Mawe usichukue baharini. Eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa limelindwa tangu 1986, na hata nje ya hifadhi matumbawe hai hayaokotwi hivi hivi. Nenda kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, hapa pwani tumejaliwa, uchague vipande vyepesi vyenye matundu mengi. Hayo ni matumbawe ya kale yaliyokaa nchi kavu, na bakteria wanayapenda. Yasuguliwe kwa brashi na maji matupu. Sabuni isikaribie kitu chochote cha tangi, wala ndoo iliyowahi kufulia. Yapange mawe yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga, maana bunju huchimbua na jiwe lililokalia mchanga linaweza kuporomoka.

Maji ya bahari yachote wakati wa maji kujaa, na ukiweza siku za bamvua, upande wa bahari kuu. Usichote horini, usichote karibu na bandari, na mvua za masika zikinyesha subiri siku kadhaa, kwa sababu mito na mitaro inaleta maji ya bara na taka zake. Mitungi tisa ya lita 20 itakutosha, mawe na mchanga vitajaza nafasi iliyobaki. Pitisha maji kwenye kitambaa safi kizito.

Vya kununua bado vipo, na hapa nakuomba usibane mkono. Unahitaji kichujio chenye nguvu, na skima, yaani chombo kinachopuliza vipovu vidogo mno hadi uchafu unapanda kama povu la rangi ya chai ukaumwaga. Bunju anakula kwa fujo, anatafuna na kutema, maji yanachafuka upesi. Chagua skima iliyoandikwa kwa tangi kubwa kuliko lako. Unahitaji haidromita ya kupimia chumvi, kipimajoto, na vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Pampu ya hewa uliyo nayo ni sawa, lakini ongeza nyingine ndogo ya betri. Miaka ya nyuma stima zilipotea saa sita usiku, zikarudi alfajiri, na nilipoamka nilikuta samaki saba wamelala chini. Maji ya moto yana hewa kidogo, na Februari yetu unaijua. Tangu usiku ule pampu ya betri haijawahi kutoka ukutani kwangu.

Ukishajaza na kuwasha kila kitu, chukua kamba wawili wabichi, wafunge ndani ya soksi ya nailoni, uwaning'inize majini waoze. Nyumba itanuka kidogo. Hao kamba ndio chakula cha bakteria. Mpe mwanao daftari, apime kila baada ya siku mbili na kuandika. Ataona amonia inapanda, kisha inashuka na nitriti inapanda, kisha nayo inashuka na nitrati inajitokeza. Mwalimu, hakuna somo la sayansi darasani litakalomshika kama hilo. Siku amonia na nitriti zitakaposoma sifuri, na zikabaki sifuri wiki nzima, badilisha robo ya maji, ndipo muende kumtafuta bunju.

Katika wiki hizo za kusubiri jifunze mambo mawili ya kila siku. Chora mstari kwenye kioo pale maji yalipofika. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayoruka ni maji tu, chumvi inabaki. Wengi huongeza ya bahari, na baada ya mwezi samaki anaogelea katika maji ya chumvi kali mno. Haidromita isome kati ya 1.023 na 1.025. Maji ya visima vyetu vya Mombasa yana chumvi na madini yake, na ya mfereji yana klorini. Tumia yale yaliyosafishwa kwa mashine yanayouzwa kwa mtungi. La pili ni joto: lisipite nyuzi 28. Feni ya mezani ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi, ila utaongeza maji baridi zaidi. Funika kwa wavu mwembamba, si kwa kioo.

Siku ya kununua, muulize muuzaji leseni na umuulize samaki amekamatwaje. Wa wavu ni sawa. Wa dawa ya sumu hata akionekana mzima hafiki mbali. Omba ale mbele yako. Asiinuliwe kwa wavu nje ya maji: bunju akishtuka hewani anajaza tumbo kwa hewa badala ya maji, na kuitoa ni shida kubwa kwake. Mchoteni kwa bakuli pamoja na maji yake. Na mwambie mwanao, kwa upole lakini asisahau, kwamba kufura si mchezo. Yule aliyemwona mchangani alikuwa anahofia roho yake.

Mweke peke yake. Huuma mapezi ya wenziwe, na kaa, konokono na kamba utakaowatia kama mapambo ni chakula chake. Meno yake ni manne, yameungana kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune vitu vigumu: kome na chaza waliofunguliwa kidogo, kamba na maganda yao, konokono wadogo. Vigandishe siku kadhaa kwanza. Mlishe kidogo mara moja kwa siku, toa mabaki, na kila wiki badilisha mtungi mmoja wa maji.

Sumu yake iko ini, mayai na ngozi. Haikudhuru ukimtazama wala ukitia mkono majini, ila vidole visikaribie mdomo wake. Akifa mzike kina kirefu, paka asimfikie. Na ikitokea mtu yeyote amekula bunju akaanza kufa ganzi midomo na ulimi, msingoje dawa ya kienyeji. Hakuna dawa inayoondoa sumu hiyo, hospitali ndiyo itakayomsaidia kupumua mpaka imtoke. Mwisho, hata mkimchoka msimrudishe baharini. Anaweza kwenda na ugonjwa wa tangini. Nipigieni, nitamchukua mimi.

SWALI: Mzee, niko Nakuru, mbali na bahari. Naweza kutengeneza maji ya bunju kwa chumvi ya jikoni?

JIBU: Hapana, mwanangu. Chumvi ya jikoni ni karibu chumvi tupu, tena imetiwa madini joto. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi ambavyo samaki anavihitaji. Nunua chumvi maalumu ya matangi ya bahari, ikoroge kwenye pipa safi pamoja na pampu kwa siku nzima kabla ya kuitumia, kadiri ya gramu 35 hadi 38 kwa lita, kisha upime. Tangi la lita 190 litakula karibu kilo 7, na kila wiki utahitaji nyingine kwa maji ya kubadilisha, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka kabla hujaanza. Nakuru usiku ni baridi. Weka hita ya wati 200, maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27.

SWALI: Assalaam alaykum mzee. Bunju wangu hapa Unguja hajala siku ya nne. Anakifuata chakula, anakigonga kwa mdomo, kisha anakiacha. Nimeambiwa nimtilie dawa ya shaba.

JIBU: Waalaykum salaam. Usimtilie. Bunju hana magamba kama samaki wengine, na shaba inamuumiza haraka. Tena samaki anayekifuata chakula ana njaa. Mwangalie mdomo akiwa amekuja kiooni: nadhani utaona meno yametoka nje yamepishana, hawezi kufunga. Umekuwa ukimlisha nini? Kama ni minofu ya samaki na ngisi, ndiyo sababu. Yakiwa yamezidi kidogo, mpe konokono wadogo na vichwa vya kamba, atayasaga mwenyewe. Yakiwa yamefunga mdomo kabisa, yanakatwa, na hapo mtafute daktari wa mifugo aliyewahi kushika samaki. Samaki hulazwa kwa matone machache ya mafuta ya karafuu yaliyotikiswa vizuri ndani ya maji yake ya bahari kwenye bakuli la pembeni, anakatwa ncha kwa kikasi kidogo kwa sekunde chache, kisha anarudishwa penye hewa nyingi. Tone likizidi haamki, ndiyo maana sikuandikii kipimo hapa. Mwende kesho asubuhi, na mbebe maji ya tangi lake, mtungi mzima.