Jibu: Nani aliwauguza watu wa mbuga za Kanada?

Mkuu, umeuliza nani aliuguza watu kwenye mbuga, yaani nyanda za majani, za magharibi mwa Kanada kabla hospitali hazijaenea. Ukiacha wakunga na waganga wa wenyeji, Wacree na Wamétis, waliotangulia ni masista. Mwaka 1844 Masista wa Kijivu wanne, watawa wa Kikatoliki, walitoka Montreal kwa mtumbwi hadi St. Boniface, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Winnipeg, safari ya karibu miezi miwili. Hospitali yao huko ilianza 1871.

Ila kwangu mimi utamu uko Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada. Mwaka 1919 jimbo lilianzisha huduma ya manesi wa wilaya, na sheria ikawaruhusu kuzalisha pale pasipo na daktari. Hilo si dogo, maana madaktari wa Kanada waliwabana wakunga kwelikweli! Serikali ililipa mshahara, wanakijiji wakatafuta nyumba ya nesi. Akiitwa usiku wa baridi kali, alipanda kigari cha farasi kinachoteleza juu ya theluji. Akifika, anachemsha vifaa jikoni, anatandika magazeti kitandani, anazalisha kwa mwanga wa taa ya mafuta. Na meno mabovu alikuwa anang'oa yeye huyohuyo.