Nani alianza? Maswali yenu kuhusu mitego ya unga

Kachero akijifanya mteja nikamuuzia unga, si amenitega? Hakimu hawezi kufuta kesi? (Msomaji, Likoni)

Natumai unamuulizia jirani. Kachero anaruhusiwa kudanganya jina lake, kazi yake na nia yake. Mahakama inachotaka kujua ni nani aliyeanza.

Mwaka 1992 huko Ureno, polisi wawili wasiovaa sare walimwendea Teixeira de Castro kupitia watu wengine, wakataka gramu 20 za heroini. Hakuwa na rekodi ya uhalifu wala mzigo nyumbani. Ilibidi akautafute kwa mtu mwingine. Akala miaka sita. Juni 1998 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kesi yake haikuwa ya haki tangu mwanzo, maana hakuna kilichoonyesha kuwa angetenda kosa lile bila polisi kumchokoza.

Uingereza nako, mwaka 2001, majaji wa juu walipima kesi mbili kwa pamoja. Katika moja, kachero alipewa namba ya simu baa, akampigia muuzaji aitwaye Looseley kuulizia mzigo, naye akakubali papo hapo. Hukumu ikabaki. Katika nyingine, makachero walimzoesha mtu kwa sigara za bei poa, kisha wakamsumbua mara kwa mara kuhusu heroini mpaka akalegea, ingawa mwenyewe alishasema heroini si mambo yake. Huyo kesi yake ilisimamishwa, na majaji wakaona ni sawa. Kipimo chao ni kama polisi amefanya zaidi ya ambacho mteja wa kawaida wa mtaani angefanya.

Kwako Kenya, shika Ibara ya 50(4) ya Katiba: ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu hutupwa ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi. Lakini kama simu yako huita usiku kucha na wateja wanajipanga mlangoni, usiitegemee sana.

Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa kwa unga. Marekani iliingiaje? (Msomaji, Tanga)

Kwa mlango wa safari ya mzigo. Sheria ya Marekani humshtaki hata aliye ng'ambo akitoa dawa za kulevya huku akijua au akikusudia ziingie nchini mwao. Kwa hiyo watoa taarifa wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, walijifanya watu wa Colombia wanaotaka heroini ya kupeleka Marekani, na mazungumzo yakarekodiwa kisirisiri. Oktoba 2014 ilitolewa kilo moja ya kuonja, Novemba zikafuata 98. Baktash na Ibrahim walikiri makosa New York mwaka 2018. Mmoja akapata miaka 25, mwingine 23. Kwa kuwa walikiri, utetezi wa kutegwa haukupimwa.

Kinachonikera mimi si mtego. Ni kwamba Januari 2017 walipandishwa ndege kwenda Marekani huku kesi ya kuwakabidhi huko ikiwa bado inaendelea Mombasa. Mahakama za Marekani kwa kawaida haziulizi umefikaje kizimbani; mwaka 1992 Mahakama yao ya Juu ilikubali kumshtaki daktari wa Meksiko aliyetekwa kwao na kuvushwa mpaka.

Ni kweli kachero akiulizwa mara tatu kama ni polisi, lazima akiri?

Hapana. Hata umwapishe kwa msahafu.

Kwa nini polisi wauone mzigo halafu wauache upite? (Msomaji, Temeke)

Wakimkamata punda, yaani mbebaji, pale uwanja wa ndege, tajiri anabadilisha namba ya simu na mchezo umeisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, ibara ya 11, unaruhusu nchi zikubaliane mzigo usafiri chini ya macho ya polisi, ukiwa kamili, au ukiwa umetolewa au kubadilishwa, wote au sehemu. Yaani tajiri anaweza kupokea sembe halisi, ya ugali.

Hapo ndipo kesi huponyoka. Mzigo ukipita mikono mingi, kila mkono unahitaji maandishi: nani alipokea, lini, akamkabidhi nani, ulihifadhiwa wapi. Tangu uamuzi wa kesi ya Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikiudai mnyororo huo wa maandishi, ingawa baadaye imelegeza kidogo kwa vielelezo visivyobadilika kirahisi. Wakili akishaupata mwanya kati ya kituo cha polisi na maabara, hata hana haja ya kumgusa kachero.